Mtoto Aliyelambwa na Ndama

Zahanati ninayofanyia kazi iko upande wa Nambis, Mbulu, na jina lake sitalitaja. Haijanikosea chochote, sioni sababu ya kuichafua kwa mambo yangu. Aliyekosea ni mimi, Bryson, tabibu, mzaliwa wa Same, mwenye cheti kilichowekwa kwenye fremu na kipimo cha kusikilizia kifua ninachokivaa shingoni hata ninapokwenda kununua nyanya. Watu wa hapa huniita daktari. Mara ya kwanza niliwasahihisha. Mara ya pili nilinyamaza. Mara ya tatu niligeuka kabla hawajamaliza kuita.

Katika mwaka wangu wa pili hapa nusura nimzike mtoto anayeitwa Paskalina, na aliyenizuia ni ndama. Najua ingependeza zaidi kusema nilizuiwa na elimu yangu, au na sauti ya Mungu ndotoni. Ni ndama tu, jike, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso.

Paskalina alikuwa na miaka minane na uzito wa mtoto wa miaka mitano. Aliishi na mama yake, Fabiola, baba yake, Margwe, na Bibi Ludovika, mama yake Margwe, ambaye kwa kweli ndiye mwenye mji. Nyumba ile ilikuwa imeshazika watoto wawili. Wa kwanza alikufa akiwa mchanga, kabla sijafika. Wa pili ni Agustino, mdogo wake Paskalina, aliyefariki akiwa na miaka minne katika mwaka wangu wa kwanza. Yule nilimtibu mimi. Niliandika kwenye rejesta "nimonia kali", kwa mwandiko mzuri sana, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Sasa Fabiola alikuwa na mimba nyingine, na Paskalina alikuwa anakohoa. Walichokiogopa watu wa mji ule kila mtu alikijua, ndiyo maana hakuna aliyekitaja.

Paskalina alikuwa akikohoa tangu uchanga wake. Kila baada ya mwezi au miwili kifua kilishikwa upya: homa, makohozi mazito ya kijani, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. Nilimpa dawa, akapata nafuu wiki mbili, akarudi. Nikabadilisha dawa, akapata nafuu wiki moja, akarudi. Bibi Ludovika aliniambia pia kwamba mtoto anakula kama mtu wa jembe lakini hanenepi, na choo chake kina mafuta, kinaelea, kinanuka kupita kiasi. Nikampa dawa ya minyoo. Kwa jumla nilimpa dawa ya minyoo mara tano. Kama kulikuwa na mnyoo tumboni mle, ulikuwa umekufa zamani na matanga yake yamekwisha.

Halafu nikaamua ni kifua kikuu. Tuna fomu ya alama kwa watoto: kikohozi cha muda mrefu, uzito usioongezeka, homa zinazojirudia. Paskalina alipata alama nyingi kuliko nilizowahi kupata mimi darasani. Makohozi yake yalipelekwa wilayani mara mbili, na mara mbili mashine ikasema hakuna kifua kikuu.

"Mashine nazo hukosea," nilimwambia muuguzi wetu, Rogathe.

Rogathe alinitazama, kisha akaendelea kuhesabu chanjo. Ni mtu mwenye adabu.

Mtoto akameza dawa miezi sita. Kikohozi hakikuondoka, nikamrudishia dawa miezi mingine. Wakati huo ndipo nilipomwona ndama. Nilikuwa nimekwenda nyumbani kwao kukagua kama dawa zinamezwa. Huku juu kuna baridi, na ndama hulala ndani na watu, ni desturi ya siku nyingi. Nikamkuta yule mwenye doa jeupe amembana Paskalina ukutani, anamlamba shingo, mashavu, nyuma ya masikio, na mtoto anacheka na kukohoa. Nikasema moyoni, nimempata adui. Ng'ombe nao wana kifua kikuu chao. Kumbe dawa zangu ni nzuri, tatizo ni huyu.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya misa nikatoa elimu ya afya. Nilikuwa nimechora kwenye boksi picha ya ndama akimlamba mtoto, na alama kubwa nyekundu ya kukataza. Nilizungumza dakika arobaini. Watu walisikiliza kwa heshima, wakapiga makofi. Wiki nzima iliyofuata kila nilikopita niliona mbwa wamefungwa kamba. Ikabidi Rogathe anieleze kwamba mchoro wangu ulifanana na mbwa.

Ndama wa Bibi Ludovika aliendelea kulamba.

Mwezi wa saba, saa nne asubuhi, Bibi Ludovika aliingia zahanati akiwa amembeba Paskalina mgongoni, wamefunikwa blanketi moja. Ukungu ulikuwa haujaondoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kifua kimemshika tena. Safari hii kimemshika sana."

Hakuhitaji kuniambia. Mtoto alikuwa anahema kama aliyepanda mlima mbio. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba, kucha zimejikunja, jambo nililoliona kwa miezi mingi bila kujiuliza chochote. Nilimchoma sindano ya homa ya mapafu, nikavuta droo, nikatoa fomu ya kifua kikuu kwa mara ya tatu.

Bibi Ludovika aliitazama fomu. Hajui kusoma, lakini karatasi ile aliifahamu kwa sura.

"Dawa ni ile ile?"

"Ile ile, bibi, ila safari hii tutasimamia vizuri."

"Hapana," alisema. Akambeba mtoto akatoka.

Sasa niseme ukweli. Mchana ule nilipofunga zahanati na kupanda kile kilima kumfuata, sikuwa namfuata Paskalina. Nilikuwa naifuata ripoti yangu. Mgonjwa akikataa dawa huandikwa mtoro, na mtoro mmoja angeharibu robo mwaka nzima ambayo nilikuwa nimeipamba kwa rangi tatu. Nilipanda nikijipangia maneno makali ya kumwambia mama mtu mzima. Nilipofika juu nilikuwa natweta, nimelowa jasho, na maneno yote yameniishia njiani.

Jua lilikuwa limetoka. Paskalina alikuwa amelazwa nje juu ya ngozi ya ng'ombe, amechoka, sindano imempunguzia homa kidogo na jasho limemkauka usoni. Karibu naye watoto watatu wa ndugu yake Margwe walikuwa wanakula ugali na maziwa. Margwe alikuwa anarekebisha uzio. Fabiola, mwenye mimba ya miezi sita, alikaa mlangoni bila kufanya kitu chochote, na kwa mwanamke wa huku hiyo ni dalili mbaya.

"Bibi, nimekuja kuhusu ile fomu."

"Kaa hapo," Bibi Ludovika alisema, akanionyesha kigoda. "Tazama."

Akaenda akamfungua ndama. Ndama akatoka mbio kidogo, akapita kwa mtoto wa kwanza, akanusa bakuli la maziwa, akaliacha. Akampita wa pili. Wa tatu alimnyooshea mkono wenye ugali, akaupita. Akaenda moja kwa moja kwa Paskalina, akaanza kumlamba paji la uso.

"Mfukuzeni!" nilisimama. "Si nilisema kanisani?"

"Ulichora mbwa," alisema Margwe kutoka kwenye uzio.

"Kaa, daktari," Bibi Ludovika akasema. "Huyu ndama hajapata chumvi ya ziwa Balangida tangu wiki iliyopita. Akikosa chumvi anakuja kwa huyu. Kwa nini hamlambi yule? Kwa nini hamlambi yule mwingine?"

"Labda amemzoea."

"Lamba."

"Nilambe nini?"

"Uso wa mtoto. Kila siku unasema kipimo, kipimo. Hicho hapo."

Niliangalia huku na huku kama kuna mtu wa wilayani anapita. Hakuna aliyecheka. Hata Margwe alikuwa ameacha uzio wake. Nilipiga magoti juu ya ngozi ile na suruali yangu ya kazini, nikamwambia Paskalina samahani, nikamlamba juu ya nyusi. Ilikuwa chumvi tupu. Nilipomtazama kwa karibu niliona unga mweupe umeganda kwenye mstari wa nywele zake, mahali ambapo jasho lilikuwa limekauka. Nikalamba mkono wangu mwenyewe, ambao ulikuwa na jasho la kilima kizima. Chumvi yangu ilikuwa ndogo. Basi, kwa kuwa nilikuwa nimeshavuka mpaka wa aibu, nikamshika yule mtoto wa ugali nikamlamba shavu. Akapiga kelele akakimbilia kwa mama yake kusema daktari ameanza kula watu.

Na hapo, nikiwa nimepiga magoti, nikakumbuka. Chuoni, mwaka wa pili, kipindi cha baada ya chakula cha mchana, mwalimu alitaja ugonjwa wa kurithi. Alisema jasho la mtoto huwa na chumvi nyingi. Makohozi yake ni mazito, yananata ndani ya mapafu, vijidudu vinafanya makao humo, na maambukizi ya kifua hayaishi. Chakula hakisagiki vizuri tumboni, choo kinakuwa na mafuta. Unaitwa sistiki faibrosisi. Alisema huku kwetu hauonekani sana, pengine kwa sababu hatuutafuti. Mimi pembeni mwa daftari niliandika kwa herufi kubwa: HAUJI KWENYE MTIHANI. Kisha nikachora mpira wa miguu.

"Bibi," nilisema, "kwa nini hukuniambia hili la ndama?"

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Siku ile ya Agustino. Nilikuambia huyu mtoto ndama wanampenda, wanamlamba sana, na yule wa kwanza pia walimlamba. Ukacheka. Ukasema, bibi, ndama hana cheti. Halafu ukaandika."

Utani uliniishia hapo. Nilikumbuka kucheka kule. Ulikuwa mzaha mzuri, niliusimulia hata kwa wenzangu kwenye semina Babati. Agustino alikuwa amelala kitandani pale zahanati anahema vile vile kama dada yake, na mwanamke mtu mzima alikuwa ananiambia ugonjwa wake kwa Kiswahili rahisi kabisa, na mimi natafuta rula. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona maishani. Fabiola pale mlangoni alianza kulia kimya kimya, amejifunika uso kwa khanga.

Nilishuka kilima nikakaa mezani kuandika barua ya rufaa. Mtu haachi tabia yake siku moja. Barua ilianza hivi: "Baada ya uchunguzi wa kina na wa muda mrefu, nimebaini kwamba..." Nilimpa Rogathe aisome, kwa kuwa nilitaka kusifiwa na mtu.

Alisoma mpaka mwisho, akageuza karatasi akaangalia nyuma.

"Bibi umemwandika wapi?"

Nikaichana. Badala yake nikampigia simu Evaline. Tulisoma pamoja chuoni, yeye akiwa wa kwanza, mimi nikiwa pia darasani. Aliendelea mbele, sasa ni daktari wa watoto katika hospitali moja ya rufaa, na kwa miaka minne sikuwa nimempigia kwa sababu najua hunisahihisha. Nilimweleza dalili zote. Alisikiliza, akauliza maswali mafupi, kisha akaniuliza lile nililokuwa naliogopa.

"Umejuaje kuhusu jasho?"

Nilivuta droo, nikaifunga.

"Bryson? Mtandao unakatika?"

"Haukatiki. Ni ndama. Ndama anamlamba, bibi yake akaniambia nilambe, nikalamba. Na nimempa dawa za kifua kikuu mara mbili, hana kifua kikuu. Na mdogo wake alifia mikononi mwangu mwaka jana. Nadhani ni ugonjwa huu huu. Bibi aliniambia, nikacheka."

Nilisubiri anisahihishe. Ningeshukuru kama angenitukana.

"Mlete kesho kwa basi la kwanza," Evaline alisema. "Na bibi aje. Nataka historia kutoka kwake, siyo kwako."

Paskalina alilazwa wiki tatu. Waliyaotesha makohozi maabara ili vijidudu vikue vionekane, wakamkuta mdudu ambaye dawa zangu zote alikuwa akizipokea kama chai. Wakampa dawa za mshipani zinazomfaa mdudu yule, na kila siku wakampiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa ili makohozi yaachie. Kipimo cha jasho hawakuwa nacho, wakatuma damu ya mtoto nje ya nchi, na majibu yaliporudi yalikubaliana na ndama. Evaline aliwaeleza Margwe na Fabiola kwamba ugonjwa umetoka kwa wazazi wote wawili bila yeyote kujua, hakuna aliyekosa, hakuna aliyeroga. Akawaeleza pia kwamba hauponi. Unatunzwa. Na kwamba kila mimba yao ni kama kuchanganya karata upya, nafasi moja kati ya nne: wanne wanaweza kuzaliwa wote wazima, na wanne wanaweza kuzaliwa wote na chumvi. Fabiola aliweka mkono tumboni akauliza kama huyu inaweza kujulikana. Evaline akajibu kwamba akizaliwa watachukua damu.

Paskalina alirudi ameongezeka kilo mbili. Mimi nilirudishwa shule, mwalimu wangu akiwa Evaline kwenye simu. Sasa Paskalina hukaa benchi lake peke yake zahanati, mbali na wanaokohoa, huongezewa chumvi kwenye chakula, na kila asubuhi na jioni hulala kichwa chini mapajani kwa mtu apigwe mgongo. Dawa za kumsaidia kusaga chakula zinapatikana kwa shida, mwezi huu zipo, mwezi ujao hatujui. Bado anaugua. Kikohozi kikibadilika rangi napiga simu siku hiyo hiyo, sisubiri ripoti. Jumamosi huwa zamu yangu ya mgongo, na Bibi Ludovika husimama pembeni akisema napiga kama mtu anayepiga hodi kwa mkwe.

Jambo moja tu Evaline alinikubalia: ndama asilale ndani, kwa ajili ya vumbi la samadi na majani yenye unyevu. Nilimtazama bibi kwa ushindi. Akaniambia kwa hiyo nilikuwa sahihi kwa bahati mbaya. Ndama akahamishiwa banda lake, na wakampa jina. Wamemwita Daktari. Sasa nikifika na kubisha hodi, watoto hujibu kutoka ndani: "Daktari yuko bandani."

Mwezi wa kumi Fabiola alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Modest. Nilimtoa damu kisiginoni kwa maelekezo ya Evaline, ikapelekwa. Majibu yangechukua wiki kadhaa. Siku ya nane Bibi Ludovika aliniita.

Nilipofika nilielewa. Ngozi ilikuwa imetandikwa juani. Modest alikuwa juu yake, amefunguliwa nguo kidogo shingoni. Hakuwa amepakwa mafuta, hakuwa ameogeshwa tangu jana.

"Daktari hajapewa chumvi siku tatu," Bibi Ludovika alisema, na mara moja nikajua hanisemi mimi.

Nilipaswa kukataza. Mtoto mchanga, ndama, mate. Nilikuwa na mchoro mzima kuhusu jambo hili. Lakini sijawahi kuandaa kipimo kwa makini namna ile, nikasogea kando nikasimama karibu na Margwe. Fabiola alifumba macho.

Bibi akafungua kamba. Ndama akaja taratibu, akainamisha kichwa juu ya Modest, akamnusa kisogo, akamnusa shingo. Akatulia hapo. Kisha akapiga chafya, mtoto akashtuka akalia, na ndama akampita akaenda upande wa pili wa ngozi alikokaa Paskalina, akaanza kumlamba shingo kwa njaa ya siku tatu.

Bibi Ludovika alikaa chini pale pale aliposimama, akalia kwa sauti. Margwe aligeuka kuutazama uzio. Mimi, kwa kuwa ni msomi na msomi haamini kipimo kimoja, nilipiga magoti nikamlamba Modest paji la uso. Alikuwa na ladha ya maziwa. Nikawaambia majibu ya damu ndiyo yatakayosema kweli, na nikawaambia huku nalia, kwa hiyo sidhani kama nilisikika kama mtaalamu.

Paskalina alikuwa anatutazama sote, mkono mmoja umemshika ndama sikio. Alikohoa kidogo.

"Kwa hiyo ni mimi tu?" aliniuliza.

Nikasogea nikakaa karibu naye.

"Ni wewe tu, Paskalina."

Alifikiri. Akamsogeza ndama kando, akamwinamia mdogo wake, akakifungua kiganja kidogo cha Modest akakitazama, kisha akakikunja taratibu kama tunavyokunja vyetu tukitaka kumpiga yeye mgongo.

"Basi akue haraka," alisema. "Wewe unanipiga vibaya."